Kitenzi "change" cha Kiingereza: mwongozo kamili kwa anayefikiri kwa Kiswahili

"My brother was changed after he went to Kampala." Sentensi za namna hii hazikomi. Zimo kwenye barua za kuomba kazi, kwenye insha za watahiniwa, kwenye ujumbe ambao wahudumu wa hoteli kule Jinja huwaandikia wageni. Wanaoziandika si wavivu, na wengi wao wana msamiati wa kutosha. Kinachowaangusha ni kuubeba mkia wa kitenzi cha Kiswahili na kwenda kuubandika kwenye kitenzi cha Kiingereza ambacho hakina mkia.

Hapa tutashughulika na kitenzi kimoja, "change", pamoja na majirani zake wachache. Utakikuta kwenye pesa, nguo, safari, zamu za kazi, tabia ya mtu na hali ya hewa. Ukikimudu, vitenzi kama "open", "close", "break", "start" na "stop" navyo vitakunyokea, kwa sababu vinafuata kanuni ileile utakayoiona katika hatua ya kwanza.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari na kalamu mbili za rangi tofauti.
- Kamusi ya Kiingereza inayofafanua kwa Kiingereza, yenye sentensi za mfano. Kamusi ya Kiswahili kwenda Kiingereza peke yake haitoshi: itakuambia badili ni "change", badilika ni "change", kisha itakuacha palepale ulipokuwa.
- Sentensi kumi za Kiswahili ulizozisema au kuziandika mwenyewe wiki hii, zenye badili, badilisha, badilika, badilishana, geuka au geuza. Usizitunge. Zitafute kwenye simu yako, kwenye mazungumzo na ndugu, wateja na wenzako kazini. Sentensi ya kutunga inakwepa ugumu bila wewe kujua.
- Mtu wa kukusikiliza ukisoma kwa sauti. Hahitaji kuwa mwalimu.

## Hatua ya 1: Uliza "nani kafanya?"

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote. Usiiruke hata kama unajiona umeshavuka kiwango hiki.

Kiswahili kinamaliza kazi mwishoni mwa kitenzi. Dereva amebadilisha tairi. Hali ya hewa imebadilika. Ratiba imebadilishwa. Tumebadilishana viti. Mzizi ni mmoja, lakini kila mwisho unamjulisha msikilizaji kama kuna mtendaji, kama jambo limetokea lenyewe, kama mtendaji yupo ila hatajwi, au kama watu wawili wamepeana.

Anayezungumza Luganda nyumbani naye amelelewa hivyohivyo: okukyusa ni kukibadili kitu, okukyuka ni kubadilika. Ndiyo maana kosa hili ni gumu kung'oka kwetu. Lugha mbili zinamsukuma mtu upande mmoja.

Kiingereza hakina miisho hiyo. "Change" inabaki "change", na kazi yote inafanywa na mpangilio: kipi kimetangulia kitenzi, kipi kinakifuata. Kwa hiyo chukua sentensi yako ya kwanza ya Kiswahili na ujiulize: nani kafanya?

Mtendaji yupo na unamtaja. Yeye anatangulia, kitenzi kinafuata, kitu kinakuja mwisho: "The driver has changed the tyre."

Kitu kimebadilika chenyewe. Kitu hicho ndicho kinatangulia, na kitenzi kinakuja bila "was", "were" wala "been": "The weather has changed." Vivyo hivyo kwa tabia ya mtu: "My brother has changed."

Kuna aliyefanya, lakini humjui au huna haja ya kumtaja. Hapa tu ndipo "was changed" au "has been changed" inapopata kazi: "The timetable has been changed."

Kosa linaingia kati ya jibu la pili na la tatu. Katika yote mawili kitu ndicho kinachotangulia, kwa hiyo mwanafunzi anaona -ika na -wa kama ndugu, anatia "was" kote. Msikilizaji wa Kiingereza naye akisikia "was changed" anaanza kumtafuta aliyefanya. Kwake, kaka aliyekwenda Kampala kuna mtu amemshika akambadilisha.

Tazama pakiti ya sukari dukani. "The price has changed" inasema bei ya sukari imepanda au imeshuka, mambo ya soko. "The price has been changed" inaelekeza macho kwenye ile karatasi ndogo iliyobandikwa juu ya bei ya zamani, na kwenye mkono ulioibandika. Mteja akimwandikia mwenye duka sentensi ya pili huku akikusudia ya kwanza, mwenye duka anaweza kudhani anatuhumiwa.

Onyo. Badilika ina kazi nyingine inayosahaulika: kueleza kinachowezekana. "Ratiba hii haibadiliki" inaweza kumaanisha kwamba ratiba ni ileile kila wiki, au kwamba hakuna ruhusa ya kuigusa. Ya kwanza ni "This timetable does not change." Ya pili ni "This timetable cannot be changed." Amua ulikusudia ipi kabla hujafungua kinywa.

Utajua umefaulu utakapopitia sentensi zako kumi, ukaandika kwa rangi moja zile zinazotaka "was" au "been" na kwa rangi ya pili zile zisizotaka, bila kurudi kusoma ukurasa huu.

## Hatua ya 2: Weka wakati mahali pake

Kwa kawaida -me- inakwenda na "has changed" au "have changed", -li- inakwenda na "changed". Ukikutana na rafiki ambaye amebadilika, mwambie "You have changed."

Shida ni kwamba kwa Kiswahili cha kila siku tunasema "amebadilisha namba jana" na hakuna anayeshtuka. Kiingereza kinakataa. Ukishataja jana, wiki iliyopita au mwaka fulani, "has" inaondoka: "She changed her number yesterday."

Ndivyo ilivyo kwa historia. Mwaka 1987 Uganda ilitoa shilingi mpya, moja ikichukua nafasi ya shilingi 100 za zamani. Kwa kuwa mwaka umetajwa, tunasema "Uganda changed its currency in 1987." Kuandika "has changed" hapo ni kupoteza alama za bure.

Kwa -na- una njia mbili. Jambo linaloendelea sasa hivi linataka "is changing": "Look at those clouds, the weather is changing." Jambo la kawaida, lile ambalo kwa Kiswahili lingekaa vizuri na hu-, linataka "changes": "The weather on the lake changes quickly."

Angalia na maandishi: "changing" haina "e" katikati, lakini "changeable" inabaki nayo. Watahiniwa wengi wanakosea hili la pili.

## Hatua ya 3: Chagua kati ya "to", "into", "for" na "with"

Kiswahili kinatumia kuwa, kwa, na, au hakitumii chochote. Kiingereza kina maneno manne na kila moja linabadili maana.

"Into" ni pale kitu kinapogeuka kuwa kitu kingine, au pesa ya nchi moja inapokuwa ya nchi nyingine: "I want to change dollars into shillings." Kiwavi kinapokuwa kipepeo, "it changes into a butterfly." Hata nguo zimo humu: mtoto akivaa sare, "she changes into her uniform", na akiivua jioni, "she changes out of her uniform."

"To" ni pale unapoacha jambo moja ukashika jingine: "We have changed to solar power." Ukitaka kutaja na ulikotoka, weka "from" mbele: "We changed from charcoal to gas." Mkaa haukugeuka kuwa gesi, watu ndio waliohama kutoka kwenye kimoja kwenda kingine. Jiulize kila mara: je, kile cha kwanza kimegeuka kuwa cha pili, au kimeachwa? Kikiwa kimegeuka, "into" ndiyo salama zaidi. Kikiwa kimeachwa, "to".

"For" ni ya kurudisha kitu na kupewa kingine. Umenunua viatu kwenye soko la Owino mjini Kampala, umefika nyumbani vinabana, unarudi kesho yake: "Can I change these shoes for a bigger size?" Ukisema "change these shoes to a bigger size" utaeleweka, ila "for" ndiyo inayosema wazi kwamba hiki kinarudi na kile kinatoka.

"With" ni ya mtu unayepeana naye. Nilibadilishana naye kiti: "I changed seats with her." Usiseme "I changed her the seat." Na ukiweka jina la mtu moja kwa moja baada ya "change", utamaanisha kwamba umembadili yeye mwenyewe.

Kuna jambo moja la ajabu hapo. "I must change the baby" ni sentensi ya kawaida kabisa kwa Kiingereza, na maana yake ni kumbadilisha mtoto nepi. "Change the bed" ni kubadilisha mashuka. Wanaofanya kazi za nyumba au za hoteli wazishike sentensi hizi mbili, kwa sababu watazisikia na hakuna atakayewaeleza. Vilevile mgeni akikuambia "I'm going to change" akaelekea chumbani, anakwenda kubadili nguo.

Utajua umefaulu ukiweza kueleza kwa Kiswahili kwa nini ulichagua neno hilo na si jingine.

## Hatua ya 4: Hesabu vitu kabla ya kuandika nomino

Ukitoka Kampala kwenda Soroti ukashuka Mbale kupanda taksi nyingine, Kiingereza kinasema "I changed taxis at Mbale." Taksi zinakuwa wingi, kwa sababu zipo mbili: uliyoshuka na uliyopanda. Ndivyo ilivyo kwa "change seats", "change places", "change sides" na "change hands", ambayo ni ya mali inayopita kutoka kwa mwenyewe mmoja kwenda kwa mwingine: "The plot has changed hands." Aliyehama shule, "she changed schools."

Kinyume chake ni mawazo. Kwetu mawazo ni wingi, kwao ni umoja: "I changed my mind." Usiandike "my thoughts" wala "my ideas" ukitaka kusema uliamua vingine. Wakiwa watu wengi, ndipo inakuwa "We changed our minds."

## Hatua ya 5: Pesa

Nomino "change" inapomaanisha chenji haihesabiki. Hakuna "changes" za shilingi, wala "a change".

Hapa Uganda tuna desturi yetu: kondakta akibaki na pesa yako, unamwambia "Give me my balance." Kila mtu mjini anaelewa na hakuna ubaya wowote. Lakini anayeongea na mgeni kutoka Uingereza, au anayeandika mtihani, atumie "change". Kwa mgeni huyo "balance" ni salio la akaunti au kiasi ambacho bado hujalipa, na ukimwambia "I have your balance" anaweza asijue kwamba unataka kumrudishia pesa.

Kuvunja noti ni kitenzi: "Can you change a fifty-thousand note for me?" Angalia "for me". Wengi wanatafsiri nibadilishie na kusema "change me this note". Ile -ia ya nibadilishie Kiingereza kinaiweka mwisho wa sentensi, kwa "for".

## Hatua ya 6: Acha "change" pale isipotakiwa

Kiswahili kinatuma badili na geuza sehemu nyingi ambazo Kiingereza kinapeleka maneno mengine. Hapa ndipo Kiingereza cha mtu kinapoanza kusikika kama cha mwenyewe.

Kugeuza upande. Anayekaanga chapati ya rolex, ile inayoviringishwa na mayai, anaigeuza: "He turns the chapati over." Ukisema "He changes the chapati", maana yake ameitupa hiyo na kuchukua nyingine. Ukurasa nao unageuzwa: "Turn the page."

Rangi. Matooke, yaani ndizi za kupika, yakiiva kwa mvuke yanakuwa ya manjano, na buni mtini inakuwa nyekundu. Tumia "turn": "The matooke has turned yellow." Unaweza pia kutumia "change", lakini basi taja zote mbili: "The coffee cherries change from green to red." Kilicho kosa ni "change red" bila kitu katikati.

Hali mpya ya mtu au nchi. "Uganda became independent on 9 October 1962." Baada ya "become" weka sifa au nomino moja kwa moja, "became to be" haipo. Kwa hasira, uchovu na giza, mazungumzo ya kawaida yanapenda "get": "He got angry", "It is getting dark." Kwa mambo yanayoharibika, "go": "The milk has gone bad", "The business went bankrupt." Kwa uzee, "grow old". Sina kanuni moja ya kukupa hapa. Haya yanashikwa kwa kusikia na kurudia, kila neno pamoja na mwenzake.

Kuhama. Kuhama nyumba ni "move", na mtumishi wa serikali aliyehamishiwa Gulu "was transferred to Gulu". Hapo "was" ni halali, kwa sababu kuna ofisi iliyomhamisha.

Sheria. Katiba na sheria zinapofanyiwa marekebisho rasmi, neno ni "amend". Kiswahili kilipata hadhi ya lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa njia hiyo: "The Constitution was amended in 2005." "Changed" si kosa la sarufi, ila kwenye maandishi ya kazi "amended" ndiyo inayotarajiwa.

Dini. "She converted to Islam" au "He converted to Christianity" ni laini na wazi kuliko "changed religion".

Utajua umefaulu utakapoanza kusita kabla ya kuandika "change". Kusita huko ni kuzuri, kusikusumbue.

## Hatua ya 7: "Change in" na "change of"

Hii ni fupi lakini inatenganisha mwandishi makini na mwingine. "A change in" ni pale kitu kilekile kinapokuwa tofauti: "a change in the weather", "a change in prices". "A change of" ni pale kimoja kinapoondoka na kingine kinakaa mahali pake: "a change of address", "a change of plan". Mtoto anayekwenda bweni anabeba "a change of clothes", yaani nguo nyingine za kubadilisha.

Mabadiliko ya tabianchi ni "climate change", bila "a", bila "s".

## Matamshi

Neno zima ni silabi moja. Tumezoea chenji, silabi mbili, na mazoea hayo yanatufuata: "changed" inakuwa "chenjidi". Irabu ya Kiingereza ni "ei", na baada ya sauti ya mwisho ulimi unabaki juu, hauachii "i". Yule mtu wa kukusikiliza anafaa hapa. Msomee "They change" na "They changed" kwa kuchanganya, naye aseme alisikia ipi. Akikosea mara nyingi, bado hujaitamka "d" ya mwisho.

## Jipime

Tafsiri hizi kwa kuandika, kisha linganisha.

1. Shangazi amebadilisha namba ya simu.
2. Bei ya mafuta ilibadilika wiki iliyopita.
3. Naomba tubadilishane zamu Ijumaa.
4. Nibadilishie hii elfu ishirini.
5. Nilikuwa nimeamua kuondoka, lakini nikabadili mawazo.
6. Masharti haya hayabadiliki.

Majibu:

1. "My aunt has changed her phone number." Mtendaji yupo, wakati haukutajwa.
2. "The price of fuel changed last week." Ukiandika "was changed", umesema kuna mtu aliyeipanga. Kama kweli mamlaka fulani iliipanga, basi "was changed" ni sahihi, lakini Kiswahili chake kingekuwa ilibadilishwa.
3. "Could you change shifts with me on Friday?" Zamu ni mbili, kwa hiyo wingi. "Swap" nayo inafaa sana hapa, na kwenye mazungumzo ya kazini utaisikia zaidi.
4. "Can you change this twenty-thousand note for me?"
5. "I had decided to leave, but I changed my mind."
6. Ina majibu mawili, na ukipata moja tu rudi kwenye onyo la hatua ya kwanza. Masharti yaleyale kila mwaka: "These conditions do not change." Masharti yasiyo na mjadala: "These conditions cannot be changed." Kwenye mkataba wa kupanga nyumba, mwenye nyumba karibu kila mara anakusudia hili la pili.